Matuta ya Mwakani

Majani yaliyolala chini ya udongo mwaka mzima yana harufu yake. Si uozo. Ni kama chai iliyosahaulika kwenye sufuria, ikachanganyika na blanketi lililokunjwa kabla halijakauka vizuri. Mvua za kwanza za msimu huu zilinikuta na mama shambani, kijijini Mollo, shahada yangu imelala ndani ya begi, maombi yangu ya kazi hayajajibiwa na mtu yeyote. Nikapiga jembe kwenye tuta la kwanza. Likapasuka. Harufu ikatoka, nami nikakaa chini palepale kwenye matope.

"Tuta moja tu umeshakaa?" mama akapaza sauti akitoka upande wa pili wa shamba, akaja kuniinamia. "Huko chuo mlikuwa mnasomea kukaa?"

Tayari nilikuwa nafanya jambo ambalo nimelifanya tangu meno yangu ya mbele hayajaota upya. Nilikuwa namchunguza macho. Nina maana ile nyama ya ndani ya kope la chini, ambayo kwa mtu mwenye afya huwa nyekundu kama ndani ya mdomo. Mimi ni mtu wa kufikiria sana. Nikituma ujumbe wa simu naurudia kuusoma baada ya kuutuma, kana kwamba bado ninaweza kuuzuia njiani. Nikisikia mtu anapumua kwa nguvu baada ya kupanda ngazi, nageuka kumtazama midomo. Rafiki zangu wa chuo walikuwa wakinicheka kwa hilo, na sikuwahi kuwaeleza lilikoanzia. Leo naeleza.

Nianze na matuta yenyewe. Kwetu Ufipa, mvua zikishakolea na majani yakawa marefu, mtu huyafyeka kwa jembe, akayakusanya kwa duara, akayafunika kwa udongo aliougeuza, mpaka linasimama tuta la mviringo linalomfikia mtu mzima magotini. Tunaliita ntumba. Juu yake waweza kupanda maharage, lakini kazi yenyewe inafanyika ndani, gizani, majani yanapogeuka kuwa udongo mweusi. Mvua za mwaka unaofuata ndipo ntumba inavunjwa, udongo unatandazwa, ulezi unamwagwa. Kwa hiyo anayelima ntumba halimi cha kula sasa. Analima cha mwakani.

Mimi nilikuwa mtoto wa Chanji, Sumbawanga, mtoto wa mjini kwa kadiri mji wetu ulivyo mji. Nilijua duka la jirani, nilijua foleni ya bombani, nilijua redio ya mpangaji wa chumba cha pili. Baba alipofariki hatukuweza kubaki pale. Tukahamia Mollo, kwenye nyumba aliyoanza kuijenga na shamba aliloachiwa na babu. Kaburi la baba lilikuwa nyuma ya nyumba ya babu, tuta refu la udongo mbichi lililowekewa msalaba wa mbao. Nililitazama kila siku nikienda kuchota maji. Kwa hiyo matuta ya shambani nilipoyaona kwa mara ya kwanza, mengi namna ile, mviringo namna ile, sikufikiria ulezi.

Mama hakunificha ugonjwa wake. Wazazi wengi wa wakati ule waliwaambia watoto kwamba wanameza dawa za kifua, au za tumbo, au hawakuwaambia chochote. Mama alinikalisha kwenye mkeka, akaweka chupa ya vidonge katikati yetu kama mtu anayenitambulisha kwa mgeni.

"Nina virusi vya Ukimwi," alisema. "Hizi ndizo dawa. Nikizimeza kila siku, nitakuona unaolewa. Na kama hutaki kuolewa, nitakuona unavyokataa."

Akameza. Kila jioni taarifa ya habari ilipoanza redioni alimeza, na mimi nilikuwa mshika kikombe. Watu wakiniuliza leo kama na mimi ninavyo, kwa sababu bado wapo wanaouliza, tena wamevaa tai, huwa nawauliza kama wao wameshapima.

Miezi ilipita, kisha mama akaanza kuchoka kwa namna mpya. Akitoka jikoni kwenda chumbani alishika fremu ya mlango kwanza, kama mtu anayesubiri gari lipite. Kucha zake zikawa na rangi ya nta. Alisema masikioni mwake kuna ngoma inapigwa mbali. Tukaenda kliniki, na pale muuguzi mmoja, mama mnene mwenye sweta la bluu juu ya sare, akamwambia atazame juu, akamvuta kope la chini kwa kidole gumba.

"Damu imepungua sana hapa, mama," alisema. "Nakupa vidonge vya kuongeza damu. Kula maharage, mboga za majani, dagaa, maini ukipata. Halafu urudi."

Imepungua. Neno hilo nililibeba mpaka nyumbani. Nilijua vitu vinavyopungua. Mafuta ya taa yakipungua kwenye kibatari, yameungua. Maji yakipungua kwenye ndoo, kuna aliyechota, au ndoo inavuja. Sasa damu ya mama ilikuwa inakwenda wapi?

Niliitafuta. Nilifunua godoro. Nilikagua kanga zake zilizoanikwa, upande kwa upande. Nilichungulia beseni alilonawia. Asubuhi moja niliua mbu ukutani, akaacha doa jekundu kwenye kiganja changu, nikajiona nimemkamata mwizi. Lakini Sumbawanga mbu si wengi, baridi inawakataa, na hata mimi niliona kwamba wezi wadogo kiasi kile wasingeweza kumaliza mtu mzima. Tuliporudi kliniki na fundi wa maabara akamvuta mama damu kwenye bomba la sindano, niliangua kilio mbele za watu. Si kwa kuogopa sindano. Nilikasirika. Walikuwa wanalalamika kwamba damu ni kidogo, na bado wanachota!

Jirani yetu, Mama Tekla, alikuwa na tiba ya vitu vyekundu. Alileta juisi ya rozela, akaleta nyanya, siku nyingine akaleta soda nyekundu aliyoinunua mjini, akaifungua mwenyewe kwa meno.

"Kunywa, shoga. Unaona rangi yake? Hiyo inakwenda moja kwa moja."

"Nyekundu kweli," mama akasema, akanywa. "Lakini hata kanga yangu ni nyekundu, Mama Tekla, na haijanisaidia."

Wakacheka. Halafu Mama Tekla akashusha sauti, ile sauti ya watu wazima ambayo watoto huisikia kuliko zote. "Mimi nakwambia kwa kukupenda. Ni hizo dawa. Hizo dawa zako ndizo zinakula damu. Ziache kidogo, upate nguvu, kisha utaendelea."

"Nikiziacha kidogo, nitakufa kidogo?"

Mama Tekla akachukua chupa yake tupu, akaaga.

Katikati ya masika mama akaamua kulima ntumba. Kazi ile haifanywi na mtu mmoja. Kwa desturi unapika pombe ya ulezi, unatangaza siku, majirani wanakuja na majembe yao, wanalima, wanakunywa, wanaimba, jua likizama shamba lako limejaa matuta. Mama alitumia nguvu zake zote kuandaa ile pombe, na Mama Tekla, pamoja na maneno yake, alimsaidia kukoroga. Siku ikafika. Tukakaa nje na chungu. Tukaona watu wakipita barabara ya juu na majembe mabegani, wakienda kwa wengine. Mmoja alipunga mkono. Hakuna aliyeshuka. Walishaambiana kwamba pombe ile imeshikwa na mikono ya mgonjwa, na kwamba shamba lile hata hivyo linakwenda kwa mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba. Sitaki kumfanya jini. Alikuwa mpole wa maneno, mwenye ng'ombe wa kulimia, na baba alipofariki alitubebea mizigo yetu yote kutoka Chanji kwa mkokoteni wake. Lakini alikuwa ameshaamua kwamba mama hafiki mbali, na mtu akishaamua hivyo, huruma yake inaanza kupima mashamba.

Jua liliposogea mama alisimama, akabeba kile chungu mpaka shambani, akipumzika njiani kila baada ya muda. Mimi nikamfuata nimebeba jembe. Akasimama mahali ambapo ntumba ya kwanza ingekaa, akakiinamisha chungu.

"Watu hawataki," alisema. "Basi yanywe majani."

Pombe ikamwagika, ikatoa povu, na mara hiyohiyo ardhi ikaimeza yote. Pakabaki alama nyeusi tu. Nami nikaelewa. Niliona mahali damu inapokwenda. Ardhi inakunywa. Ilimmeza baba, imemeza pombe, na sasa mama alikuwa anainama juu yake, jasho linadondoka kutoka puani, na kila tuta likipanda uso wake ulikuwa unapauka. Matuta yalikuwa yanamnyonya. Nilipata ushahidi wote nilioutaka. Mtoto mwenye hofu ni mpelelezi hodari sana, kasoro yake ni kwamba hakosi kumpata mhalifu.

Alilima peke yake siku ile na siku zilizofuata. Tuta moja, anakaa. La pili, anakaa zaidi. Nilikuwa namletea majani aliyoyafyeka na kuyatupa katikati ya duara, nikihisi namlisha mnyama. Hatimaye nikasema, "Mama, tusilime tena."

Aligeuka kunitazama. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. "Baba yako mdogo kakutuma?"

Nilitikisa kichwa. Sikuweza kumweleza. Nilihisi nikisema kwa sauti, ardhi itasikia kwamba tumeigundua.

Naye baba mdogo akaja kweli, mikono nyuma, akatembea katikati ya matuta machache yale akiyatazama kama mtu anayetazama kuku wa jirani.

"Shemeji, pole na kazi."

"Nimeshapoa, shemeji."

"Nilikuwa nasema hivi. Wewe pumzika. Shamba tutalishughulikia sisi, mtoto hatakosa chakula. Kwa nini unajitesa na ntumba? Ungepanda hata mboga, kitu cha mwezi huu, mwezi ujao. Ntumba ni za mwakani."

Mama aliegemea mpini wa jembe. Nilisikia pumzi yake ikipanda na kushuka.

"Najua ni za mwakani," alisema.

Akainama, akafyeka fungu jingine la majani, akalirusha karibu na miguu ya baba mdogo, hata ikabidi yeye asogee.

Mama alianguka baada ya siku chache. Hakupiga kelele. Alikuwa anasawazisha udongo juu ya tuta, akalala juu yake taratibu, shavu kwenye udongo, kama mtu anayesikiliza kilichomo ndani. Nilikimbia kwa Mama Tekla nikipiga yowe. Mama Tekla, aliyesema dawa ziachwe, ndiye aliyesimamisha pikipiki barabarani kwa kujirusha mbele yake, ndiye aliyempakata mama katikati mpaka hospitali mjini. Mimi nilibaki kwanza. Kabla sijakimbilia nyumbani kwake kusubiri habari, nilichukua jiwe nikaliweka juu ya lile tuta, ili nilijue. Damu ya mama ilikuwa mle ndani.

Kesho yake waliponipeleka wodini nilimkuta amelala, anapumua juujuu. Alihitaji kuongezewa damu, na iliyokuwapo haikutosha, ndugu walitakiwa waje wachangie. Baba mdogo alikuja. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Mimi nina presha," alimwambia muuguzi. Kisha akamgeukia mama. "Na hata wakikuongeza, shemeji, hizo dawa zitaimaliza tena. Ungeziacha kwanza."

Mama alifungua macho. Sauti yake ilikuwa nyembamba, lakini wodi nzima iliisikia.

"Shemeji, kama hutoi damu, usitoe na ushauri."

Mwanamke wa kitanda cha pili akacheka mpaka akakohoa.

Aliyekuja baadaye siku hiyo alifika kabla ya mwili wake, maana harufu ya migebuka, samaki wa ziwani waliokaushwa, ilitangulia kwenye korido. Mama mkubwa, dada yake mama, alikuwa ameolewa Wampembe, ziwani, kwa Waislamu, akasilimu, akawa mfanyabiashara wa samaki anayejua kupiga kelele. Alikuwa amesafiri juu ya lori la mizigo, akipanda milima yote ile kutoka ziwani, na mtandio wake ulikuwa umegeuka rangi kwa vumbi na tope.

"Yuko wapi huyu mla ulezi?" aliuliza. Alipomwona, akavuta mkono wa gauni mpaka kwenye bega na kumwonesha muuguzi. "Nitoeni mimi. Ila mkiona inanuka samaki msishtuke, ndivyo tulivyo kule."

Walimpima damu, wakaikubali. Nilisimama pale nikitazama mfuko unavyojaa. Ilikuwa mara ya kwanza kuona damu inakokwenda kwa macho yangu mwenyewe, na safari hii haikuwa inapotea.

Mama alipoweza kukaa, daktari alipita. Alikuwa kijana, labda umri nilio nao mimi leo, na sasa namhurumia zaidi kuliko nilivyomhurumia wakati ule.

"Daktari," mama akasema, "mtaani wanasema dawa hizi zinakula damu. Mimi siziachi. Nataka uniambie ni ipi."

Daktari akavuta kiti. "Mama, katika mchanganyiko wako iko moja ambayo kwa baadhi ya watu inazuia mwili kutengeneza damu mpya. Hata virusi vyenyewe vinaweza kupunguza damu, ndiyo maana kuziacha zote kungekumaliza. Hiyo moja tutaibadilisha."

"Kwa nini hamkuibadilisha nilipokuja?"

"Tulitaka tuone kwanza vidonge vya kuongeza damu vitasaidia kiasi gani."

"Mmeona?"

"Tumeona, mama."

Mazungumzo hayo niliyasikia mwenyewe. Baadaye nimeyasikia mara nyingi kwa mdomo wa mama mkubwa, na kila akiyasimulia daktari anazidi kuwa mfupi na mama anazidi kuwa mrefu.

Aliporuhusiwa kurudi Mollo aliambiwa apumzike, asishike jembe. Mama mkubwa akasema atabaki mpaka ntumba ziishe. Mtu aliyeacha kulima tangu aolewe, aliyezoea mizani na magunia ya dagaa, akachukua jembe. Mama aliwekewa kigoda pembeni ya shamba, shuka la hospitali mabegani, akatoa amri.

"Hilo limeinama, dada."

"Limeinama wapi? Hilo linatazama ziwa."

"Funika majani yote! Yanatokeza kama nywele zako."

"Nywele zangu zimefunikwa, mimi ni mke wa mtu. Wewe endelea kukaa hapo kama chifu. Huku kwenu hata baridi mnailima! Kwetu tungekuwa tumeshakula, tumelala."

Nilicheka mpaka nikasahau hofu, kwa muda. Lakini lile tuta lenye jiwe sikulikaribia. Mama mkubwa alipotaka kulirekebisha nilimwambia liko sawa, liache. Matuta yake mengine yalikuwa ya kila umbo, mengine kama vibuyu, na mengine mpaka leo sijui kama yalikuwa matuta. Hakulimaliza shamba. Kipande cha chini, karibu na kijito, kilibaki na majani yake, na siku mama mkubwa alipopanda lori kurudi Wampembe, baba mdogo alileta ng'ombe wake wakakilima. Hakuuliza. Mama alitazama kutoka kwenye kigoda.

"Lima, shemeji," alisema. "Unanipunguzia majani."

Ikafuata baridi. Wanaoijua Sumbawanga wanaijua miezi ile ya upepo unaopita kwenye matundu ya sweta kama unalijua jina lako. Mama alimeza dawa mpya taarifa ya habari ilipoanza, nami nikashika kikombe. Alikula maharage yaliyoota juu ya ntumba zilezile, na kila kijiko nilikihesabia kama deni linalolipwa na udongo. Akawa anatembea mpaka bombani bila kusimama. Siku moja alinipiga kofi la mgongoni kwa sababu ya ndoo niliyoivunja, nikalia kwa uchungu, kisha usiku nikatabasamu, maana lilikuwa kofi lenye uzito. Lakini kliniki walipokuwa wakimvuta kope nilifumba macho. Nilikuwa na hakika kwamba damu aliyonayo ni ya mama mkubwa, ya kuazima, na ya kwake imezikwa chini ya jiwe langu.

Mvua zikarudi. Mwakani kukafika. Mama alichukua jembe mwenyewe, akavunja tuta la kwanza, la pili, akitandaza udongo mweusi kwa miguu na kuimba kwa Kifipa wimbo wa kanisani aliouharibu maneno. Nilimwongoza, bila yeye kujua, mpaka kwenye lile tuta. Jiwe lilikuwa palepale. Alilisukuma kwa mguu, akainua jembe, akapiga.

Likapasuka. Ile harufu ikatoka. Nikapiga magoti, nikaingiza mikono yote miwili. Nilichimba kama kuku. Udongo ulikuwa wa vuguvugu, mweusi, mlaini, nyasi zimekuwa nyuzi zinazokatika zikiguswa. Nikachimba mpaka chini, penye ardhi ngumu. Hapakuwa na kitu chekundu.

"Unatafuta nini wewe mtoto?"

"Damu yako."

Alidhani hajasikia vizuri. Nikamweleza yote, kwa fujo, mikono yangu ikiwa mle ndani: pombe ilivyomezwa, jasho, midomo yake, jiwe. Nilimweleza kwamba nilikusudia kuikuta na kumrudishia. Mama alikaa chini pembeni ya lile shimo. Nilisubiri anicheke, au alie, kwa sababu watu wazima walikuwa wakifanya moja ya hayo mawili. Hakufanya lolote. Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wangu, akaweka kidole chenye udongo chini ya jicho, akavuta kope.

"Tazama."

Sikutaka.

"Nimekwambia tazama. Acha kuchimba, tazama huku."

Nikatazama. Ilikuwa nyekundu. Nyekundu kama rozela ya Mama Tekla, nyekundu ya ndani, yenye maji. Alama ya udongo ilibaki shavuni mwake na hakuifuta. Akavuta na kope la pili, ili nisije nikabaki na shaka, maana alinijua.

"Haikwenda popote," alisema. "Nilikuwa nazuiwa kuitengeneza. Sasa naitengeneza mwenyewe. Shika jembe."

Baba mdogo alikuwa anapita na ng'ombe wake, akasimama mpakani.

"Shemeji, umenenepa."

"Nimenenepa, shemeji. Na shamba nalo."

Ningependa kusema kwamba nilipona siku ile. Sikupona. Nilikwenda sekondari nikiwa na hofu, nikaenda chuo nikiwa nayo, na simu ya mama ikiita wakati usio wa kawaida mpaka leo natafuta viatu kabla sijasema haloo. Watu wanaposikia nilivyolelewa wananitazama kwa jicho la pole. Sitaki pole. Walionisogezea pole nyingi ndio hao waliopita barabara ya juu na majembe yao. Nililelewa na mwanamke aliyeambiwa apande mboga za mwezi mmoja akakataa, na kama nimerithi kitu kwake zaidi ya pua, nataka kiwe hicho.

Kile kipande cha chini hakikurudi kwa kikao wala kwa ugomvi. Kila masika mama alipolima ntumba alianzia mpakani, na ya mwisho upande ule aliisogeza kidogo ndani ya eneo lililochukuliwa. Tuta moja kila mwaka, wakati mwingine mawili baba mdogo akisafiri. Ng'ombe wa baba mdogo walipofika pale walilikwepa, na mwaka uliofuata walilikwepa linalofuata. Mimi nilikuwa nasoma, nikirudi likizo nakuta mpaka umetembea. Sasa mama amezeeka kidogo, baba mdogo amezeeka sana, na kimebaki kipembe tu karibu na kijito.

Wiki iliyopita majani yalishafika kiunoni. Mama alinipa jembe, akaniambia, "Anza kule chini."

Nilijua kule chini ni wapi. Usingizi uliniruka kwa kuwaza baba mdogo atasema nini na mimi nitasema nini. Niliandaa hoja za haki ya mjane, niliandaa maneno ya heshima, niliandaa hata namna ya kusimama. Nikashuka, nikafyeka, nikaanza kukusanya majani kwa duara. Na kweli akaja, na fimbo yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu." Alitazama duara langu kwa muda mrefu. Alijua lilipokaa. Akachagua kuuliza jambo jingine, kama kawaida yake, kwa upole. "Lakini wewe si msomi? Si unasubiri kazi, uondoke? Sasa unajisumbua nini na ntumba? Hizo ni za mwakani."

Hoja zangu zote zikapotea. Moyo ulikuwa unapiga mpaka masikioni, ile ngoma ya mbali aliyokuwa akiisema mama. Nikaegemea mpini mpaka pumzi ikarudi.

"Najua ni za mwakani," nikasema, nikageuza udongo wa kwanza juu ya majani.